Riwaya moja, nakala ngapi? Jibu kwa wakala wa pesa wa Mwanga, Kigoma

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, wakala wa pesa kwa simu karibu na soko la Mwanga, Kigoma. Nimeandika riwaya katika madaftari manne, lakini sehemu ya mwisho imenigomea. Siku nyingine ilhamu inakuja, siku nyingine nakaa na kalamu usiku mpaka nasinzia. Rafiki zangu wananiambia nihamie Dar es Salaam, eti huku hakuna cha kuandika wala mtu wa kununua kitabu. Nimeulizia bei kwenye kiwanda kimoja cha chapa: nakala 200 ni shilingi 6,000 kila moja, nakala 1,000 ni shilingi 3,500 kila moja. Nataka kuuza kwa shilingi 10,000. Naweza kukopa kwenye kikoba chetu nikachapa hizo 1,000. Je, nichape mwenyewe? Na je, nitumie jina langu au jina la kubuni?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile lenye haraka, yaani mkopo, kwa kuwa ilhamu ikichelewa majuma mawili hakuna atakayekudai riba, ilhali kikoba kitakudai. Usikope, na usichape nakala 1,000. Kuchapa mwenyewe ni jambo jema kwa hali yako, lakini chapa zile 200 au hata pungufu yake, kwa fedha uliyo nayo mkononi au uliyopewa na wanunuzi kabla kitabu hakijatoka.

Aliyekutajia bei hizo hakukudanganya. Katika uchapaji wa ofseti, kazi ya kutengeneza bamba za kuchapia na kuitega mashine hugharimu kiasi kilekile, ziwe zinatoka nakala 200 au 1,000, na kadiri nakala zinavyoongezeka ndivyo gharama hiyo inavyogawanyika na bei ya kila moja kushuka. Hatari ni pale mwandishi anapoikodolea macho bei ya nakala moja akasahau jumla. Nakala 200 kwa shilingi 6,000 ni shilingi 1,200,000, na nakala 1,000 kwa shilingi 3,500 ni shilingi 3,500,000. Ukiuza mwenyewe kwa shilingi 10,000, fedha yako itarudi ukishauza nakala 120 ikiwa umechapa chache, na nakala 350 ikiwa umechapa nyingi. Ukiviweka vitabu dukani kwa makubaliano kwamba mwenye duka abaki na asilimia 30, wewe utapokea shilingi 7,000 kwa kila nakala, na hapo utahitaji kuuza 172 kwa hesabu ya kwanza au 500 kwa hesabu ya pili kabla hujaona faida hata ya shilingi moja. Na hapo sijaweka nauli ya mzigo, malipo ya mhariri, wala zile nakala utakazogawa bure kwa watu ambao huwezi kuwanyima.

Kuna pia uzito. Tuseme riwaya yako itakuwa na kurasa 160 za ukubwa wa A5, kwa karatasi ya gramu 80 kwa kila mita ya mraba. Kitabu kimoja pamoja na jalada lake kitafika gramu 215 hivi. Nakala 200 ni kama kilo 43, nazo zinaingia katika maboksi manne ambayo kondakta wa basi hawezi kuyakataa. Nakala 1,000 zinapita kilo 200, na zikishafika zitalala chumbani kwako, ambamo msimu wa mvua wa Kigoma hauna huruma na karatasi iliyopangwa sakafuni. Mchwa, kwa upande wao, humaliza kitabu bila kukisoma.

Idadi ya nakala haipangwi na kiwanda, bali na wanunuzi unaowafahamu. Chukua daftari la tano, uandike humo majina ya watu ambao unaamini watatoa shilingi 10,000 kwa ajili ya riwaya yako: mwalimu anayekuja kutoa mshahara wake kwako mwisho wa mwezi, muuguzi wa zamu ya usiku, mwanafunzi wa chuo aliyerudi likizo, wanakikoba wenzako. Ndugu na jamaa watakaotaka kupewa bure waandike katika ukurasa mwingine, maana hao ni gharama. Kisha waendee wale wa ukurasa wa kwanza na kuwaomba watangulize shilingi 5,000, uwape stakabadhi yenye tarehe ambayo kitabu kitakuwa tayari, na fedha hiyo uiweke katika laini isiyochanganyika na floti ya biashara, yaani salio la kuhudumia wateja. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu siku floti ikikauka na mteja amesimama dirishani, fedha ya kitabu ndiyo itakayokopwa kwanza. Anayesema "nitachukua" na aliyekwisha kutoa elfu tano ni watu wawili tofauti, na wewe uchape kwa kumfuata huyu wa pili. Wakifika 60, nakala 100 zinatosha. Kwa idadi hiyo ulizia bei ya chapa ya kidijiti, ambayo haihitaji bamba, hivyo nakala 50 haziadhibiwi sana zikilinganishwa na 200. Zikiisha, faili bado lipo, unachapa tena.

Katika jambo hili mimi na rafiki zako hatupatani kabisa. Wanasema Kigoma hakuna mtu wa kununua kitabu, nawe unakaa mahali ambapo mji mzima husimama mbele yako dakika mbili tatu kusubiri ujumbe wa muamala. Mwandishi wa Dar es Salaam hulipa ili apate watu wa namna hiyo. Bandika ukurasa wa kwanza wa riwaya yako kwenye dirisha la kibanda, kwa herufi kubwa, uishie mahali ambapo msomaji atauliza "halafu ikawaje?" Usiandike tangazo lingine lolote juu yake.

Hilo la kwamba huku hakuna cha kuandika linatokana na kuutazama mji wenu kwa macho ya wageni. Nimehariri miswada mingi kutoka mkoa huo, na sehemu yake kubwa huanzia Ujiji mwaka 1871, chini ya mwembe, Stanley akimwamkia Livingstone. Isipoanzia hapo huanzia kwenye sitaha ya meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 na Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Ni historia nzuri, lakini imekwisha kusimuliwa na watu wenye maktaba kubwa kuliko yako na yangu. Unachokiona wewe dirishani hawakioni.

Chukua mfano mmoja tu. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokomaa mwanga wa taa hauna tena nguvu ya kuwakusanya samaki, kwa hiyo boti hupumzika. Bila shaka wewe unaziona siku hizo katika floti yako bila kutazama angani: wanaokuja kuweka wanapungua, wanaokuja kutoa wanaongezeka, na wengine wanatoa kiasi kidogo hata unaona haya kuwakata makato. Mwaka 2024 ziwa zima lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kuna nyumba zilizoishi miezi hiyo mitatu kwa kutumiwa pesa na kuna nyumba zilizovunjika. Wewe ulikuwa umekaa katikati ya mikondo hiyo. Sijui mwandishi angetaka nini zaidi.

Linalokosekana si cha kuandika, ni kukinasa kabla hakijapotea. Weka kijitabu kidogo pembeni ya daftari la miamala, na kila siku uandike humo jambo moja ulilolisikia au kuliona kama lilivyokuwa, bila kulitafsiri. Usiandike "leo nimemwona mama mwenye huzuni", kwa maana sentensi hiyo baada ya mwezi haitakwambia lolote. Andika kwamba mama mwenye beseni la samaki aina ya migebuka ametoa noti za elfu mbili zilizolowa, akazihesabu hadi elfu ishirini huku akizitenganisha kwa kucha, akataja namba ya mtu wa Kasulu kwa kichwa bila kutazama simu, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama mpokeaji ataona ni nani aliyetuma. Hapo una riwaya. Nani yuko Kasulu? Kwa nini namba yake imekaa kichwani na jina la mtumaji linafichwa? Nini kitatokea siku mpokeaji akipanda basi kuja kumtafuta mtumaji? Ukijibu maswali hayo matatu kwa uvumilivu, utaona kwamba ilhamu unayoingoja usiku ilipita dirishani kwako saa nne asubuhi.

Na huko kusinzia na kalamu mkononi usikuite kugoma kwa ilhamu. Mtu aliyekaa kibandani tangu alfajiri akihesabu pesa za watu, ambazo akikosea tarakimu moja analipa mwenyewe, hana akili iliyobaki usiku. Jaribu kuhamishia kazi ya kuandika kabla hujafungua kibanda, hata kama ni nusu saa tu, na usiku uutumie kwa kazi nyepesi kama kuyaingiza katika simu yale uliyoyaandika daftarini. Nasema katika simu kwa makusudi. Ukipeleka madaftari manne kwenye steshenari yachapwe na mtu mwingine, utalipa mara mbili: kwanza kwa kuchapiwa, halafu kwa kusahihishiwa makosa ya mchapaji aliyeshindwa kusoma mwandiko wako. Chapa mwenyewe katika programu ya kuandikia, na kila jioni jitumie nakala kwa barua pepe, maana simu huibiwa na madaftari hulowa.

Kuhusu ile sehemu ya mwisho, naomba usiisukume kwanza. Katika miswada niliyoihariri, mwisho unaogoma aghalabu ni matokeo ya katikati iliyolegea. Chukua karatasi moja, uandike kwa kila sura mstari mmoja unaosema mhusika mkuu anataka nini katika sura hiyo na amepoteza nini ifikapo mwisho wake. Utakuta sura mbili au tatu ambazo hataki kitu na hapotezi kitu. Ni mazungumzo matamu, pengine ndiyo unayoyapenda kuliko yote. Ziondoe au zipe kazi, halafu rudi kwenye mwisho.

Sasa kuna jambo ambalo hukuuliza, na mimi naliona zito kuliko hesabu za chapa. Wewe ni wakala. Wateja wanakutajia namba, kiasi na wakati mwingine sababu, kwa imani kwamba hayatoki dirishani, na taarifa hizo zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kubadilisha jina la mtu hakutoshi. Mwanga, Gungu na Ujiji watu wanajuana kwa ukoo, kwa mtaa, kwa jiwe analokalia mtu akinunua kahawa. Ukiandika mama wa migebuka anayetuma pesa Kasulu kwa siri, ifikapo Ijumaa soko lote litakuwa limekwisha kumpata, na kama si yeye watampata mwingine asiyehusika. Mpe mhusika wako biashara nyingine, mhamishe mtaa, badilisha uhusiano wake na anayetumiwa, unganisha watu wawili wawe mmoja, na acha muda upite kati ya ulichokiona na unachokiandika. Mimi hupima hivi: mwenye kisa akikisoma asijitambue, na akijitambua asiaibike. Usipokuwa makini hapa, utapoteza wateja kabla hujapata wasomaji.

Muswada ukishakamilika, wasomee watu wawili kwa sauti, mmoja mpenzi wa riwaya na mwingine asiye na mazoea ya kusoma. Angalia ni wapi huyu wa pili anashika simu yake. Baada ya hapo tafuta mhariri, umlipe. Hii ndiyo gharama ambayo waandishi wanaojichapia huikata kwanza, na ndiyo ambayo msomaji huigundua kwanza. Mhariri si lazima awe Kigoma, kazi hiyo hufanyika kwa barua pepe na simu. Yeye ataangalia muundo na lugha. Msomaprufu, ambaye ni mtu mwingine, atapita mwishoni kutafuta herufi zilizokosewa, hasa ule mchanganyiko wa r na l ambao unawasumbua wengi wa mikoa yetu ya magharibi na ambao mwandishi haoni kwa sababu ndivyo anavyotamka. Maneno ya Kiha katika midomo ya wahusika wako usiyafute kama maana inaeleweka kutokana na mazungumzo yenyewe.

Taratibu za kiofisi hazina ugumu unaosemwa. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13, hutolewa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kama utatoa pia toleo la kielektroniki, hilo litahitaji namba yake tofauti. Omba namba hiyo baada ya kupata jina la mwisho la kitabu, kabla jalada halijakamilika, ili mistari ya msimbo wake ikae nyuma ya kitabu. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, na kwa sheria ya mwaka 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hata hivyo, kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, inayojulikana kwa kifupi kama COSOTA, kunakupa ushahidi siku ukiibiwa. Ithibati, yaani kibali kinachopitia Taasisi ya Elimu Tanzania, ni kwa vitabu vinavyokusudiwa kutumika shuleni, kwa hiyo usijibebeshe mzigo huo kwa riwaya ya watu wazima. Lakini kabla hujachapa chochote, soma masharti ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 na inayoratibiwa na Taasisi hiyohiyo. Mashindano mengi ya uandishi hutaka miswada ambayo haijatoka kama kitabu, na itakuwa hasara kujifungia mlango kwa ajili ya haraka ya miezi michache.

Ukifika kiwandani, au ukimtuma mtu, yapo mambo ya kushikilia. Kurasa katika ofseti hukunjwa kwa mafungu ya 16, na ndiyo maana nimetaja 160. Riwaya ikiishia ukurasa wa 163 utalipia 176, kumi na tatu zikiwa tupu. Mwambie mpangaji wa kurasa apunguze nafasi kidogo au wewe ukate aya mbili. Unene wa mgongo wa kitabu hutegemea karatasi, na kwa kurasa 160 za gramu 80 ni milimita 8 hivi, kwa hiyo msanii wa jalada asikisie. Usilipe fedha yote kabla ya kuiona nakala ya mfano kwa mikono yako. Ikifika, ifungue katikati mpaka jalada likutane nyuma, ushike ukurasa mmoja na kuuvuta kwa nguvu kiasi. Ukibaki na ukurasa mkononi, gundi ni mbaya, na nakala 200 za namna hiyo zitakurudia moja moja. Halafu dai faili la kurasa na faili la jalada ambayo umeyalipia. Kiwanda kikibaki nayo peke yake, toleo la pili litakuwa la kwao kupanga bei.

Mauzo ya nje ya mji yasikutishe. Maboksi ya Kasulu na Kibondo yanakwenda kwa basi, malipo unapokea kwa simu, jambo ambalo huhitaji kufundishwa. Na usiwasahau wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Kalemie na Uvira nchini Kongo, kwa sababu ng'ambo ile kuna watu wengi wanaozungumza Kiswahili na ambao pengine hawajawahi kupelekewa riwaya iliyoandikwa jirani tu na kwao; mpe mmoja unayemwamini nakala tano, uone zinarudije. Katika makundi ya WhatsApp tuma sura ya kwanza, na hiyo tu. Faili la kitabu kizima likishaingia katika kundi moja, hutaweza kulirudisha.

Lililobaki ni jina. Jina la kubuni linaruhusiwa, nawe ukilipenda litumie juu ya jalada, ila katika fomu za Maktaba na za Ofisi ya Hakimiliki jaza jina lako halisi, ili haki zisije zikaelea. Kama unataka kulitumia kwa hofu ya wateja, halitakusaidia, kwa kuwa nakala 100 za kwanza utaziuza wewe mwenyewe, kupitia dirisha lilelile, kwa watu wanaokuita kwa jina la mwanao. Kwa upande wangu ningeweka jina la kweli, na ningeanza kukusanya zile elfu tano baada ya muswada kutoka kwa mhariri, siyo kabla.